KUPANDA SI KAZI, KAZI NI KURUDI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki hii nimetumiwa tena, na watu watatu tofauti, ule ujumbe wa Sunita Williams. Wengi mmeshauona. Unasema mwanaanga huyo alikwenda mwezini, akaitazama dunia akaona yote ni giza isipokuwa sehemu mbili zinazong'aa kama nyota, Makka na Madina, na aliporudi akasilimu. Mwisho umeandikwa: tuma kwa watu kumi, ukipuuza utapata hasara. Ndugu mmoja akaongeza chini yake, "Sheikh, hii tunaiomba kwenye khutba ya Ijumaa."

Sitaisema Ijumaa. Naandika hapa kwa nini sitaisema, na ndani yake kuna kosa langu mwenyewe ambalo nimelibeba miaka mingi. Ni maneno marefu kidogo. Nawaomba mnivumilie mpaka mwisho.

USIKU TULIOMWONA AKIRUDI

Huyo Sunita nilimwona akirudi duniani. Sikusimuliwa. Ilikuwa Ramadhani, kumi la kati, usiku wa kuamkia Jumatano, Machi 19, 2025. Baada ya tarawehe vijana wa madrasa yetu hapa Mirongo waliniomba tuwashe kompyuta kwenye chumba cha darsa. Walisema chombo kinashuka saa saba usiku, daku bado mbali, kwa nini tusikae tukaona. Nikanunua bando, tukakaa kwenye jamvi watu kama kumi na wawili, na chai ya tangawizi na mihogo iliyobaki kwenye futari.

Alikuwepo pia mzee mmoja wa msikitini, mvuvi wa dagaa tangu ujana wake. Mwezi ulikuwa bado mkubwa, na nyinyi watu wa ziwa mnajua kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo mitumbwi ilikuwa imepumzika, naye ana usingizi mdogo, akajiunga nasi.

Kwa asiyeijua habari yenyewe, ni hivi. Sunita na mwenzake Butch Wilmore waliondoka duniani Juni 5, 2024, kwa safari ya siku kama nane tu, kwenda kwenye kituo cha anga kinachoizunguka dunia kiasi cha kilomita 400 juu yetu. Chombo walichoendea kikapata hitilafu. Gesi ya heli ilikuwa inavuja, na baadhi ya injini ndogo za kukiongoza zikasumbua. Wakubwa wao wakakaa wakapima, wakaamua watu wasirudi nacho. Mwezi wa Septemba chombo kile kikarudi kitupu, kikatua salama jangwani New Mexico. Wao wakabaki juu kusubiri kingine. Safari ya siku nane ikawa siku 286.

Usiku ule wakawa wanarudi na chombo kingine, wao na wenzao wawili, Mmarekani na Mrusi. Walikuwa wameachana na kituo tangu saa mbili asubuhi ya Jumanne kwa saa zetu. Kijana mmoja anayesoma sayansi ndiye alikuwa anatufafanulia. Alisema chombo kinakuja kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kwa kasi hiyo, kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam ni chini ya dakika tatu. Hakiwezi kubeba mafuta ya kutosha kujisimamisha, kwa hiyo breki yake kubwa ni hewa yenyewe. Kinaigonga hewa kwa tumbo, na hewa inayobanwa mbele yake inapata joto la karibu nyuzi 2,000. Pale chini kimewekewa ngao ya kupokea joto hilo ili watu waliomo ndani wasiungue. Kikija wima mno, kitapata joto na kishindo kupita kiasi. Kikija kwa ulalo mno, hakitapunguza mwendo inavyotakiwa na kinaweza kutoka tena nje. Njia ya kupita ni nyembamba, kati ya makosa mawili.

Kisha mawasiliano yakakatika. Wakati chombo kimezungukwa na moto ule, redio haipiti, na hali hiyo hukaa dakika kadhaa. Chumba chetu kizima kikanyamaza. Mzee wa dagaa akatoa tasbihi yake mfukoni. Hatukuwajua watu wale, si wa nchi yetu na si wa dini yetu, lakini wallahi kila mmoja pale alikuwa anawaombea wafike.

Sauti zikarudi. Miavuli miwili ikafunguka, halafu minne mikubwa, na saa saba kasoro dakika tatu chombo kikagusa maji ya bahari karibu na pwani ya Florida. Wakaja pomboo wakawa wanakizunguka, kama watoto wanavyozunguka gari la mgeni kijijini. Vijana wakapiga takbira mpaka nikawakumbusha majirani wamelala. Walipotolewa ndani wakalazwa kwenye machela, kwa sababu miguu iliyokaa miezi tisa bila kubeba uzito wa mwili huwa imesahau kusimama.

Ndipo yule mzee aliyekuwa kimya muda wote akasema: "Wanangu, kutoka si kazi. Mitumbwi haihesabiwi jioni ikitoka. Inahesabiwa asubuhi."

TUNDU LA SIKU YA KUPANDA

Maneno ya mzee yule yalinikaa. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kufundishwa kwamba mwisho wa safari ndio mtihani. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilikuwa imetoka Bukoba usiku kucha, inakaribia Mwanza, watu wameshaanza kufikiria nyumbani. Misikiti yetu iliswalia majeneza siku zile mpaka tukapoteza hesabu. Na Novemba 6, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam iliingia ziwani ikiwa inajiandaa kutua uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki. Mwenyezi Mungu awapokee wote.

Wanaanga nao wana msiba wao wa namna hii. Februari 1, 2003, chombo cha Marekani kiitwacho Columbia kilikuwa kinarudi na watu saba. Siku kilipopaa katikati ya Januari, kipande cha povu la kuzuia baridi kilibanduka kwenye tangi la mafuta, kikagonga bawa la kushoto kikatoboa. Povu tu, jepesi. Chombo kikaendelea na safari. Kwa zaidi ya wiki mbili wale watu walifanya kazi zao angani, wakala, wakalala, wakaongea na familia zao, na tundu lile halikuwasumbua hata siku moja. Lilikuwa linasubiri kurudi. Walipoingia kwenye joto lile nililoeleza, moto ukapita kwenye tundu, bawa likaharibika, na chombo kikasambaratika dakika kama 16 kabla ya kutua. Wote saba walikufa.

Ndugu zangu, lishikeni hilo. Kasoro iliingia siku ya kupanda, siku watu wanashangilia. Ilionekana siku ya kurudi.

KOSA LANGU

Sasa nije kwenye jambo langu.

Mwaka 2004 nilikuwa imamu kijana, nina sauti, napenda watu wakipiga takbira. Katika darsa moja baada ya Magharibi nilisimulia kisa cha Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, mwaka 1969. Nilisema alipokuwa mwezini alisikia sauti asiyoijua, na miaka baadaye alipotembelea Misri akasikia adhana, akauliza ni nini, akaambiwa, akalia na kusilimu. Nilikisikia kwenye kanda ya mawaidha. Sikumuuliza mtu yeyote kimetoka wapi. Nilikisimulia vizuri sana. Wazee walilia.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyanyua mkono. Akasema kwa adabu kabisa, "Sheikh, shuleni tumefundishwa mwezini hakuna hewa, na sauti haisafiri pasipo hewa. Hiyo adhana aliisikiaje?"

Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili tu: "Sijui, nitauliza." Badala yake nikamjibu mbele ya watu kwamba elimu ya shule imeanza kumharibu, na kwamba mambo ya Mwenyezi Mungu hayapimwi kwa vitabu vya kidato cha tatu. Watu wakacheka. Kijana akakaa chini. Wiki iliyofuata hakuja. Mwezi uliofuata hakuja. Hakurudi tena kwenye darsa langu.

Baadaye nilikuja kujua ukweli, na ukweli wenyewe haukuwa umefichwa. Armstrong hakusilimu, na alikanusha mwenyewe. Mwaka 1983, miaka zaidi ya 20 kabla ya darsa langu, uvumi huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba wizara ya mambo ya nje ya Marekani iliandikia balozi zake katika nchi za Waislamu kueleza kwamba si kweli. Alifariki Agosti 2012, na watu wanaendelea kumsilimisha mpaka leo.

Kisa changu kilipaa vizuri, kwa takbira na machozi. Lakini kilikuwa na tundu tangu siku ya kwanza. Na kilipokutana na joto la swali moja la mtoto wa shule, kiliungua. Laiti kingeungua chenyewe tu! Yule kijana alikuwa amejifunza kwangu udhu, swala, habari za kaburi na za Kiyama. Alipogundua kwamba la mwezini ni uongo, ana sababu gani ya kuniamini katika yale mengine, ambayo ni kweli? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mlinganiaji akidanganya katika jambo dogo la kupendezesha, anatoboa chombo kile kile kilichobeba mambo makubwa.

"LAKINI SHEIKH, SI INAONGEZA IMANI?"

Najua mtaniambia hivyo, maana na mimi niliwahi kusema hivyo. Nijibu kwa mafungu.

Kwanza, dini yetu imekataza. Surat Al-Hujurat aya ya 6 inatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Surat Al-Israa aya ya 36 inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na inatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Na katika utangulizi wa Sahihi Muslim imepokewa kwamba yamtosha mtu kuhesabika katika uongo kwa kusimulia kila alichosikia. Angalieni, si kila alichotunga. Kila alichosikia! Anayebonyeza kusambaza bila kuuliza yumo humo.

Pili, wazee wetu waliufunga mlango huu zamani. Wanafunzi wa elimu ya hadithi wanalijua jina la Nuh bin Abi Maryam. Alitunga hadithi za fadhila za sura za Qur'ani, sura baada ya sura, na alipoulizwa akatoa udhuru kwamba aliona watu wameiacha Qur'ani akataka kuwarudisha. Nia ya kuwarudisha watu kwenye Qur'ani! Je, maulamaa walimshukuru? Walimwandika mwongo, na hadithi zake zikatupwa. Kama nia njema haikumsaidia yeye, haitanisaidia mimi wala kundi lako la WhatsApp.

Tatu, ni kumsingizia mtu. Sunita Williams hajawahi kwenda mwezini. Alikuwa kwenye kituo kile cha kilomita 400, na hakuna binadamu aliyekanyaga mwezi tangu Desemba 1972. Yeye mwenyewe ameeleza hadharani kwamba katika safari zake alibeba Bhagavad Gita, kitabu cha dini ya baba yake. Tungekasirika kiasi gani kama Mhindu angesambaza kwamba sheikh wetu fulani ameacha Uislamu, na huku sheikh yupo anaswalisha? Usimtendee mtu usilopenda kutendewa.

Nne, mbona ya kweli tunayo? Sultan bin Salman wa Saudia alikwenda angani Juni 1985, akarudi salama California. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipaa Oktoba 2007 ndani ya Ramadhani, na Idi ikamkuta huko juu. Kule jua huchomoza na kuzama mara 16 kwa siku, sasa mtu aswali vipi? Wanazuoni wa Malaysia walikaa pamoja na wataalamu wakamwandikia mwongozo: nyakati azihesabu kwa mahali aliporushiwa, kibla aelekee kwa kadiri anavyoweza. Aliporudi, chombo kilishuka kwa njia ya wima kuliko ilivyopangwa, kikaangukia mbali na mahali palipotarajiwa, na yeye na wenzake wawili wakabebeshwa uzito wa mwili mara kadhaa ya kawaida. Walifika salama. Na Sultan Al Neyadi wa Falme za Kiarabu alikaa siku 186, akarudi Septemba 4, 2023. Alipoulizwa kuhusu funga alijibu kama mwanafunzi wa fiqhi: mimi ni msafiri, nina ruhusa. Simulieni hayo! Yana funzo, na yakipita kwenye moto wa maswali hayaungui.

NA WALE WANAOSEMA YOTE NI SINEMA

Kuna upande wa pili nao tuuseme, ili mizani isilale. Wapo ndugu wanaosema hakuna chombo kinachokwenda wala kurudi, ni filamu za wazungu. Usiku ule mmoja alituchungulia dirishani akatuambia tunapoteza thawabu kwa kutazama uongo.

Aya ile ile ya Al-Hujurat inamhusu na yeye. Kukanusha bila elimu ni sawa na kusadiki bila elimu. Jirani zetu wa Kenya, kijiji cha Mukuku huko Makueni, Desemba 30, 2024, waliangukiwa na pete ya chuma kutoka angani, upana wake mita 2.5 na uzito kiasi cha kilo 500. Watu wakaikimbilia wakaiona kwa macho yao, na shirika la anga la Kenya likaeleza kwamba ni kipande cha roketi. Alhamdulillah haikumpata mtu. Waulize watu wa Mukuku kama ni sinema.

Kwa hiyo anayesema kila kitu cha angani ni muujiza wetu, na anayesema kila kitu cha angani ni uongo wao, wote wawili wameikosa ile njia nyembamba. Mmoja amekuja wima mno, mwingine amekuja kwa ulalo mno.

NINI TUFANYE

Mimi nimejiwekea mambo matatu, na nawausia.

Moja, ujumbe ukija umeandikwa "tuma kwa watu kumi", unaishia kwangu mpaka nijue umetoka wapi. Dini ya Mwenyezi Mungu haijawahi kusimama kwa vitisho vya simu.

Mbili, mtoto akiuliza swali nisilolijua, namwambia sijui, nipe wiki. Imamu Malik, pamoja na ukubwa wake, anasifika kwa kusema "sijui" katika maswali mengi. Mimi wa Mirongo ni nani nione aibu?

Tatu, nikikosea hadharani, narudi hadharani. Toba ni ya mtu na Mola wake, lakini maneno yaliyosemwa mbele ya watu yanarudishwa mbele ya watu. Wale wa Columbia hawakupata nafasi ya kuziba tundu. Mimi na wewe bado tuko hai, nafasi tunayo.

Basi nasema: kisa cha Armstrong nilichowasimulia mwaka 2004 hakikuwa kweli. Aliyekisikia kwangu akakipeleka kwingine, na anifikishie huko kwamba imamu amekirudi. Astaghfirullah.

Na yule kijana nilimtafuta. Si kijana tena, ana watoto, anatengeneza injini za boti Kirumba. Nilimkuta kwenye banda lake, mikono imejaa grisi. Nilimwambia, "Mwanangu, lile swali lako lilikuwa la haki, na mimi nilikudhulumu mbele ya watu. Nimekuja kukuomba msamaha." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sheikh, hayo ya zamani, mimi nilishasahau." Lakini sikuwa nimemkumbusha ni swali gani. Yeye mwenyewe ndiye akaendelea: "Unajua hata leo sijui kwa nini walicheka."

Akanipa kigoda nikakaa, tukaongea mpaka adhana ya Alasiri. Aliswali pale pale jirani na banda lake. Darsani kwangu bado hajaja, na sitamlazimisha. Mlango uko wazi, na kiti chake mimi nakijua.

Ndugu zangu, kila tukipata msiba tunasema kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tutarejea. Kila mmoja wetu yuko safarini, na atarudi. Huko hatutahesabiwa kwa takbira tulizopigiwa jioni. Tutahesabiwa asubuhi. Basi kila mtu akague chombo chake sasa, angali huku.

Ewe Mola wetu, tujaalie ukweli katika ndimi zetu, wasamehe tuliowapotosha bila kujua na utusamehe sisi tuliowapotosha. Wahifadhi wavuvi wetu usiku wanapokuwa majini, na ujaalie kurudi kwetu Kwako kuwe kurudi kwa salama. Amin.

Ukipenda kusambaza maneno haya, sambaza yote, usikate. Na usipoyasambaza, hutapata hasara yoyote.

Wabillahi tawfiq.
Ndugu yenu, imamu, Mirongo, Mwanza.